Vijenzi Badilifu katika Uchoraji wa Ramani kwa Kompyuta: Uchambuzi wa Kijenzi cha Mlango katika Programu ya AutoCAD

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna kijenzi kimoja cha mchoro, yaani mlango, kinavyoweza kuundwa katika programu ya AutoCAD ili nakala zake zibadilike upana, upande wa kufungukia na unene wa ukuta bila kuchorwa upya. Hoja kuu ni kwamba kijenzi cha namna hii hupimwa kwa mabadiliko kinayoyakataza sawasawa na yale kinayoyaruhusu, kwa kuwa vipimo vyake husomwa na watu ambao hawakuwapo wakati wa kuchora: fundi mwashi, seremala na mkadiriaji majenzi.

1.0 Utangulizi

Ramani ya jengo, liwe zahanati, shule au nyumba ya kuishi, ina vitu vichache vinavyojirudia mara nyingi: milango, madirisha, masinki, vyoo, nguzo. Katika zama za kalamu na meza ya kuchorea, mchoraji alikuwa na kibao cha plastiki chenye matundu ya maumbo hayo. Alipitisha kalamu ndani ya tundu na kupata mlango uleule kila mara. Kibao hicho kilikuwa na upungufu ulio wazi, kwamba tundu halibadiliki. Mlango wenye upana tofauti ulihitaji tundu jingine, na pengine kibao kingine.

Programu za uchoraji kwa kompyuta zilirithi kibao hicho pamoja na upungufu wake. AutoCAD, ambayo kampuni ya Autodesk iliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1982, humwezesha mchoraji kukusanya mistari, kuipa jina na nukta ya msingi, kuihifadhi mara moja ndani ya faili, kisha kuiita popote inapohitajika. Faida yake ni kubwa: asili ikirekebishwa, nakala zote hurekebishika. Lakini kwa zaidi ya miaka 20 nakala hizo zilikuwa ama zifanane zote na asili ama zikuzwe na kupunguzwa kwa ujumla wake. Toleo la AutoCAD 2006 ndilo lililoleta vijenzi ambavyo kila nakala yake inaweza kubadilishwa peke yake bila kukata uhusiano na asili.

2.0 Suala la Istilahi

Kabla ya kuendelea inafaa kueleza maneno yanayotumika. Mafundi wengi hukiita kitu hiki bloku, kwa kulitohoa neno la waundaji wa programu. Katika taaluma nyingine tohozi hilo lisingekuwa na ubaya. Katika ramani za majengo lina ubaya, kwa sababu fundi mwashi anajua bloku kuwa ni tofali la saruji, na maelezo ya ukuta katika ramani hiyohiyo yanaweza kutaja bloku za inchi sita. Neno kizuizi nalo linapotosha zaidi, maana hakuna kinachozuiwa. Makala hii inatumia kijenzi, neno ambalo tayari lina maana ya sehemu inayounda kitu kizima. Kijenzi kisichobadilika kinaitwa kijenzi tuli, na kinachobadilika kinaitwa kijenzi badilifu.

Vilevile tunatofautisha asili na nakala. Asili ni maelezo ya kijenzi yaliyohifadhiwa ndani ya faili. Nakala ni mahali kijenzi kilipowekwa katika mchoro. Neno nakala lisichukuliwe kwa maana ya kurudufu mistari. Nakala ya kijenzi tuli haina mistari yake, ina jina la asili, mahali, kipimo cha ukuzaji na pembe ya mzunguko tu. Ndiyo maana faili yenye milango 300 haiwi nzito kuliko yenye milango 10 kwa kiasi ambacho mtu angetarajia.

3.0 Usuli wa Wazo

Wazo la asili na nakala ni la zamani kuliko AutoCAD. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi wa uzamivu katika chuo cha MIT nchini Marekani, aliwasilisha tasnifu kuhusu programu aliyoiita Sketchpad, iliyofanya kazi katika kompyuta ya TX-2 ya Lincoln Laboratory. Mtumiaji alichora kwa kalamu ya mwanga moja kwa moja kwenye kioo. Katika Sketchpad tayari kulikuwa na mchoro mkuu na nakala zake, na mabadiliko ya mchoro mkuu yalijitokeza katika nakala zote. Kulikuwa pia na masharti: mtumiaji aliweza kuagiza mistari miwili iwe sambamba au iwe na urefu sawa, na kompyuta ikatafuta mkao unaotimiza agizo hilo. Mambo haya mawili, nakala na masharti, yalitengana kwa muda mrefu katika programu za kawaida za kuchorea. AutoCAD ilianza na nakala. Masharti yaliingia baadaye sana, katika toleo la 2010. Katikati ya vipindi hivyo, aliyetaka mlango unaobadilika aliandika programu ndogo kwa lugha ya AutoLISP, ikamuuliza upana kisha ikamchorea. Njia hiyo ilifanya kazi vizuri, lakini mlango ukishachorwa haukukumbuka tena kwamba uliwahi kuulizwa upana.

4.0 Kasoro za Kijenzi Tuli

Tuchukue mlango wa ubao mmoja. Tuseme ofisi inahitaji upana wa aina nne, unene wa ukuta wa aina tatu, mlango wa kufungukia kushoto au kulia, na wa kufungukia ndani au nje. Hesabu ni 4 × 3 × 2 × 2, sawa na vijenzi tuli 48 kwa mlango ambao kimsingi ni mmoja. Ni kweli kwamba mchoraji anaweza kupunguza idadi hiyo kwa kuakisi nakala. Hata hivyo, maktaba za vijenzi katika ofisi nyingi hukua kwa njia hii: kila mradi huongeza faili mbili tatu, na baada ya muda hakuna anayejua ipi ni sahihi.

Njia ya mkato inayozoeleka ni kukuza au kupunguza. Mchoraji ana mlango wa milimita 900 na anataka wa 800, hivyo anaipunguza nakala kwa uwiano wa 8 kwa 9. Upana unakuwa 800, lakini kila kitu kingine kimepungua nao. Ukuta wa milimita 150 sasa ni 133.3, na ubao wa mlango wenye unene wa 40 umekuwa 35.6. Akipunguza upande mmoja tu, tao linaloonyesha njia ya mlango linakuwa duaradufu. Kosa hili huonekana dogo kwenye karatasi, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa kuwa halimshtui anayekagua.

5.0 Kuunda Mlango Badilifu

Kijenzi badilifu huundwa ndani ya kihariri cha vijenzi, ambacho hufunguliwa kwa amri ya BEDIT. Humo mchoraji huongeza vitu vya aina mbili juu ya mistari yake. Cha kwanza ni parameta, yaani kitu kinachoweza kupimwa: urefu, pembe, mahali, upande. Cha pili ni kitendo, yaani kinachotokea kwa mistari fulani parameta inapobadilika: kusogea, kuvutika, kukua, kuzunguka, kupinduka, kujirudia kwa safu. Parameta peke yake haifanyi lolote. Ni kipimo kisicho na mkono. Kitendo nacho hakiwezi kuwapo bila parameta ya kukiamsha. Katika mchoro, nakala ikichaguliwa, parameta huonekana kama vishikio vidogo vya samawati ambavyo mtumiaji huvivuta au huvibofya.

Swali la kwanza, ambalo kwa maoni yetu ndilo gumu kuliko yote, si la kompyuta. Upana wa mlango ni upana wa nini? Fundi mwashi anahitaji tundu la ukuta. Seremala anahitaji ubao. Anayepita kwa kiti cha magurudumu anahitaji nafasi iliyobaki kati ya miimo. Ikiwa kila mwimo una unene wa milimita 50, tundu la 1000 linaacha 900 kati ya miimo. Parameta iliyoitwa Upana bila maelezo zaidi itasomwa kwa njia tatu na watu watatu, na kila mmoja atakuwa na sababu ya kujiona sahihi.

Uchaguzi huo una matokeo ya kijiometri pia. Mlango wetu umechorwa ukiwa wazi kwa digrii 90: ubao umesimama wima kutoka kwenye bawaba, na tao linaunganisha ncha ya ubao na mwimo wa upande wa pili. Nusu kipenyo cha tao ni sawa na urefu wa ubao, yaani 900. Upana unapopungua kwa 100, mambo matatu lazima yatokee kwa pamoja. Mwimo wa mbali usogee 100 kuelekea bawaba. Ncha ya ubao ishuke 100. Tao lipungue huku kitovu chake kikibaki kwenye bawaba.

Mwimo hushughulikiwa kwa kitendo cha kuvuta: mchoraji huchora fremu inayozunguka mwimo wote, na chochote kilichomo ndani ya fremu na kuteuliwa husogea pamoja na parameta. Ubao nao huvutwa, lakini fremu inazunguka ncha yake tu, ili mwisho wa upande wa bawaba usiondoke. Kwa kuwa parameta inapimwa kwa mlalo na ubao umesimama wima, kitendo hiki huongezewa mgeuko wa pembe wa digrii 90. Bila huo, ncha ya ubao ingevutwa pembeni na ubao kuwa msambamba ulioinama. Wanaojifunza hukutana na umbo hilo la ajabu karibu kila mara, na huwa somo zuri kuhusu maana ya fremu.

Tao haliwezi kuvutwa, hukuzwa. Kitendo cha kukuza huchukua uwiano wa thamani mpya ya parameta kwa thamani ya asili, na hukokotoa kutoka kwenye nukta tunayoitaja, ambayo hapa ni bawaba. Sasa tuone kwa nini parameta ipime kati ya miimo. Thamani ikitoka 900 kwenda 800, uwiano ni 8 kwa 9, na tao la nusu kipenyo 900 linakuwa 800, sawa kabisa na ubao. Lakini kama parameta ingepima tundu la ukuta, ingetoka 1000 kwenda 900, uwiano ungekuwa 9 kwa 10, na tao lingekuwa 810 wakati ubao ni 800. Tofauti ya milimita 10 katika mchoro wa kipimo cha 1:100 ni sehemu moja ya kumi ya milimita kwenye karatasi. Jicho halitaiona, ila tao halitagusa ubao, na amri yoyote inayotafuta ncha zilizokutana itashindwa mahali hapo. Kitendo cha kuvuta hutumia tofauti; kitendo cha kukuza hutumia uwiano. Vitendo hivi viwili vikiongozwa na parameta moja, hukubaliana pale tu parameta inapopima urefu uleule unaokuzwa.

Unene wa ukuta ni parameta ya pili ya urefu, iliyosimama wima, na inavuta nyuso za nje za miimo yote miwili. Kufungukia kushoto au kulia, ndani au nje, hupatikana kwa parameta mbili za kupindua, kila moja ikiwa na mstari wake wa kuakisi. Hapa kuna mtego mmoja: kitendo cha kupindua kisipoteua parameta ya upana pamoja na mistari, mlango utapinduka na kishikio cha upana kitabaki upande wa zamani. Mtumiaji atakayekivuta atashangaa kuona mwimo unakwenda mahali asipopatarajia.

Kwa jengo ambalo baadhi ya milango yake ni ya ubao mmoja, mingine ya mbao mbili na mingine ya kuteleza, kuna parameta ya mwonekano. Michoro yote mitatu hukaa ndani ya kijenzi kimoja, na kila hali ya mwonekano huonyesha mmoja na kuficha iliyobaki. Ni chombo rahisi kutumia kupita kiasi. Tunaonelea kwamba milango inayotofautiana namna ya kufanya kazi ibaki vijenzi tofauti, na parameta ya mwonekano itumike kwa tofauti za uwasilishaji, mathalani mlango uliochorwa wazi kwa digrii 90 na uleule uliochorwa wazi nusu.

Jambo la matabaka litajwe kwa ufupi. Mistari iliyochorwa katika tabaka namba 0 huchukua sifa za tabaka ambamo nakala imewekwa. Iliyochorwa katika tabaka jingine hubaki na tabaka lake popote iendapo. Kijenzi kinachokusudiwa kutumiwa na ofisi nyingi huwa salama zaidi kikichorwa katika tabaka 0. Aidha, kipimo cha msingi cha faili, milimita au mita, kiwekwe kabla ya kuhifadhi, kwani programu hulinganisha vipimo vya faili mbili na kukuza nakala yenyewe.

6.0 Mipaka ya Mabadiliko

Mlango ulioelezwa hadi hapa unaweza kuvutwa hadi milimita 873.4. Mchoraji aliyeshika kipanya hana nia mbaya; kishikio kimefika hapo, naye ameachia. Hakuna seremala atakayetengeneza mlango huo kwa hiari, na mkadiriaji majenzi atakayeukuta katika jedwali la milango atapaswa kupiga simu kuuliza. Kijenzi tuli, pamoja na kasoro zake zote, hakikuwa na ugonjwa huu.

Tiba yake ni kuipa parameta seti ya thamani. Seti hiyo inaweza kuwa orodha, kwa mfano 700, 800, 900 na 1000, au hatua za kupanda kutoka kiwango cha chini hadi cha juu. Ikiwa ni orodha, vistari vidogo hujitokeza kwenye mchoro wakati wa kuvuta, na mwimo hurukia thamani iliyo karibu. Orodha inafaa kwa milango, kwa kuwa soko la milango lina saizi zake. Hatua zinafaa kwa vitu kama rafu na meza za jikoni, ambavyo hutengenezwa kwa kufuata chumba. Idadi ya vishikio nayo ipunguzwe hadi kimoja, upande wa mwimo wa mbali, ili bawaba isivutwe kamwe.

Juu ya orodha hiyo huwekwa jedwali la rejea. Kila mstari wa jedwali huunganisha thamani za parameta na jina: 800 kati ya miimo ni Tundu 900, na kadhalika. Jedwali likiruhusiwa kusoma pande zote mbili, mtumiaji huchagua jina kutoka kwenye menyu ndogo na vipimo hujipanga vyenyewe. Hapa ndipo tunapojibu swali la fundi mwashi lililoahirishwa katika sehemu ya 5.0: parameta inapima kile ambacho jiometri inahitaji, na jedwali linatamka kile ambacho ujenzi unahitaji.

7.0 Njia ya Masharti

Tangu toleo la 2010 kuna njia ya pili. Badala ya kueleza kinachotokea, mchoraji anaeleza kinachopaswa kuwa kweli: mstari huu uwe wima, ncha hizi zikutane, urefu wa ubao uwe sawa na upana. Vipimo vinaweza kuandikwa kama milinganyo, na saizi zote kupangwa katika jedwali la kijenzi. Kosa la tao lililoelezwa hapo juu halingeweza kutokea, kwani sharti lingesema wazi kwamba ncha ya tao na ncha ya ubao ni nukta moja. Gharama yake ni kwamba kila mstari ulioachwa bila sharti huwa huru kwenda popote, na mlango mdogo tu huhitaji masharti mengi. Kwa vipande vya chuma na bolti, ambavyo vipimo vyake hutegemeana kwa kanuni, tungechagua masharti. Kwa mlango wa kwenye ramani tunachagua vitendo. Kuchanganya njia zote mbili ndani ya kijenzi kimoja kunawezekana, lakini kutafuta kosa ndani ya mchanganyiko huo ni kazi ya siku nzima.

8.0 Majina Yaliyofichika na Hesabu ya Milango

Ilielezwa kwamba nakala ya kijenzi tuli haina mistari yake. Nakala ya kijenzi badilifu iliyobadilishwa haiwezi kuendelea hivyo, kwa sababu umbo lake si la asili tena. Programu hutatua jambo hili kimyakimya: hutunga asili mpya iliyofichwa, yenye jina linaloanza kwa alama ya nyota, herufi U na namba, kisha huielekeza nakala huko huku ikihifadhi kumbukumbu ya asili halisi. Mtumiaji haoni lolote. Dirisha la sifa bado linaonyesha jina la mlango.

Anayeona ni yule anayehesabu kwa programu ndogo. Tuchukulie mchoro wenye milango 60, ambapo 25 imebaki na saizi ya asili na 35 imebadilishwa. Programu ya AutoLISP inayotafuta nakala kwa jina la asili lililoandikwa katika data za mchoro itapata 25. Haitatoa onyo, kwa kuwa kwa upande wake haikukosea. Milango 35 kweli ina majina mengine. Namba hiyo ikiingia katika makadirio, pengo litajulikana miimo ikianza kuletwa kazini. Programu inayohesabu vijenzi badilifu lazima isome sifa iitwayo EffectiveName, ambayo hurudisha jina la asili halisi, au itumike zana ya kuchopoa data iliyomo ndani ya AutoCAD, ambayo hutoa jina pamoja na thamani za parameta.

Zana hiyo inafungua jambo jingine. Katika vijenzi tuli upana wa mlango huandikwa kama lebo kwa mkono, na lebo inaweza kusema 900 wakati mistari inasema 800. Katika kijenzi badilifu thamani ya parameta na umbo la mlango ni kitu kimoja. Lebo yenyewe inaweza kuandikwa kama uga unaosoma parameta, ikabadilika mlango unapobadilishwa na mchoro kuonyeshwa upya. Jedwali la milango linalotokana na parameta linaweza kuwa na makosa ya mchoraji, lakini haliwezi kupingana na mchoro.

Uhakika huo unadumu mradi kijenzi kibaki ndani ya mazingira yaliyokizaa. Kikivunjwa, mistari hubaki na parameta hupotea. Faili ikifunguliwa katika programu nyingine, au katika toleo la AutoCAD la kabla ya 2006, milango huonekana sawasawa kwa macho, lakini mara nyingi ni zile asili zilizofichwa tu, zisizo na vishikio wala jedwali. Na faili mbili zenye kijenzi kiitwacho MLANGO zikikutana, yaani mchoraji akinakili kutoka moja kwenda nyingine, asili iliyomo katika faili inayopokea ndiyo inayobaki, na milango iliyonakiliwa hufuata asili hiyo bila kuuliza. Ofisi zinazobadilishana michoro zinafaa kulipa jina la kijenzi kitambulisho cha ofisi na namba ya toleo, na kuambatanisha jedwali la milango katika hati tofauti, lililochopolewa siku ileile faili ilipotumwa.